Boti Ambayo Ndugu Zako Hawakuitaka

Baba Ngalula,

Nimekukasirikia. Nianze na hilo, kwa sababu kila anayekuja hapa kwa ajili yako anaanza na machozi, na wewe hukupenda mtu anayezunguka neno kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Nimekukasirikia. Mikono inaniwasha mpaka sasa kwa zile nyuzi za kioo zako, kitambaa changu cha kichwa kinanuka esansi ya injini, na juzi jirani aliniuliza kama nimefungua garaji. Nikamjibu kwamba bwana wangu aliniandika kazi kabla ya kufa, akasahau kuniambia.

Acha nikueleze kwa utaratibu, maana uliondoka katikati ya mambo. Asubuhi ile ulikunywa chai umesimama, ukachukua mfuko wako wa vifaa, ukaenda uwanjani Luano kutengeneza umeme wa ndege za watu. Mlangoni ukageuka ukasema: "Jumamosi tunamaliza boti, Mama Ngalula. Inabakia kidogo tu." Tangu ulipoinunua kwa yule Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, boti hiyo ilikuwa inabakia kidogo tu, hata zile Jumamosi chache ulipoivuta peke yako mpaka ziwani Kapolowe kuijaribu. Mchana wakanipigia simu kwamba moyo wako umesimama. Jumamosi ikafika, tukakuzika.

Kilio kilipokwisha, ndugu zako wakaja na lori. Tshibangu mdogo wako mbele, mashangazi zako nyuma yake. Walikaa, wakaomba Mungu vizuri kabisa, wakanywa maji, kisha wakaanza kubeba. Wakabeba friji. Wakabeba televisheni, viti vya saloni tulivyopokelea wageni, kitanda. Ndiyo, kitanda, na godoro bado lina umbo la mgongo wako. Tshibangu akatungua funguo za jeep yako kwenye msumari bila kunitazama usoni. Shangazi yako mkubwa akasimama mbele ya mashine yangu ya kushona, ile niliyoinunua mwenyewe kabla sijakujua, akaiwekea mkono juu kama anaibariki.

"Na hii pia ni ya mutoto wetu," akasema. "Bintu bya mu nyumba, byote ni bya bwana."

Nikamwambia ni yangu. Akauliza nani anajua. Wewe ndiye uliyejua, Baba Ngalula. Wewe peke yako. Na mara ngapi nilikuambia uwaeleze ndugu zako mambo ya nyumba hii ungali na mdomo wa kuwaeleza? Ulinijibu kwamba ndugu zako ni watu wazuri. Watu wazuri walibeba hata ndoo ya kuogea.

Mwisho wakazunguka nyuma ya nyumba, wakafunua turubai, wakaikuta boti imelala juu ya trela yake, imejaa majani makavu, chura mmoja ameketi kwenye kiti cha dereva.

"Na hii kitu ni nini?" shangazi akauliza.

Tshibangu, ambaye mpaka leo anakuita Yaya, kaka mkubwa, akacheka. "Ah, hii njo wazimu ya Yaya. Muachie yeye."

Wakang'oa betri, wakaondoka. Hivyo ndivyo nilivyorithi.

Sasa nifikirie hapo Katuba, mshonaji asiye na mashine. Wateja wananiletea vitambaa vya harusi, nawarudisha kwa mshonaji wa barabara ya pili, yule ambaye mikono yake ya gauni haifanani hata siku moja. Kila asubuhi nikifungua mlango wa nyuma naikuta boti imeninyooshea pua. Nikasema, sawa, nitaiuza, ninunue mashine. Ngalula wetu, akiwa kwake Kolwezi, akatafuta kwa simu yake mpaka akampata mfanyabiashara wa Kilwa, mtu anayeishi na maji ya ziwa Mweru mlangoni, aliyekuwa mjini kwa shughuli zake. Akaja. Akaizunguka boti, akaugonga ule ubao wa nyuma unaobeba injini, akaugonga tena, akaniangalia kwa huruma kama daktari.

"Mama, hapa kumeoza. Tena boti haiuzwaki ku udongo. Niione mu maji, njo tutasemezana."

Ndipo nilipoanza kukujua upya, Baba Ngalula, na sikufurahi.

Nilifungua sakafu. Nyaya zako za umeme nilizikuta zimepangwa kama nywele za bibi harusi: kila waya na rangi yake, kila kifungo kimebanwa, hakuna uliolegea. Taa za mbele, taa za nyuma, taa ya kusomea ramani. Nani alikuwa anasoma ramani? Halafu nikachoma bisibisi kwenye ubao wa nyuma, ukazama mpaka mpini. Ubao ulikuwa laini kama bukari sufuriani. Na wewe ulijua! Kwa sababu niliona pale ulipotoboka uliziba kwa lami, juu ya lami ukapaka rangi nyeupe, juu ya rangi ukafunga taa nyingine. Mtu anayetengeneza umeme wa ndege! Uliiwekea mapambo boti ambayo ingetuzamisha huku taa zinawaka.

Nilikutukana siku hiyo. Jirani alisikia akadhani kuna mwizi.

Nikamwita Fundi Ramazani, yule wa jenereta, mtu wa Maniema anayevaa kofia yake nyeupe hata akiwa chini ya gari. Nilitaka aje siku moja. Fundi Ramazani hajui siku moja. Akija anataka chai, akimaliza chai anataka kufungua kabureta. Mimi namwambia tatizo ni ubao, yeye anafungua kabureta. Namwambia pampu ya maji ya injini haivuti, yeye anafungua kabureta. "Mama, mashine ni kama mutu," ananiambia, "kila ugonjwa inaanzaka mu tumbo." Nikamshika mkono, nikamwonyesha mwenyewe wapi pa kufungua. Kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu kilikuwa kimekauka, mabawa yake yanavunjika kama biskuti. Akanitazama sana.

"Nani alikufundisha?"

Nani alinifundisha! Jumamosi ngapi nilisimama nimeshika tochi, mboga zangu zinaungua jikoni, wewe umeingiza kichwa ndani ya injini unaniambia, "Mwangaza huku. Hapana, huku. Mama, unamulika mbingu!" Ukitaka spana hukutaja namba, ulinyoosha mkono tu kama mtoto anayedai titi, na mimi nikaweka ile inayotakiwa. Hukuwahi hata kushangaa kwamba niliijua.

Kigurudumu cha mpira hakikupatikana mjini. Fundi Ramazani akataka kukichonga kwenye tairi, nikakataa, tukagombana, akaondoka amenuna, akarudi kesho yake kwa sababu chai yangu ni nzuri. Mwisho dereva mmoja wa malori alituletea kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Ubao nikauchimba mwenyewe, kipande kwa kipande, nikapima mwingine, seremala akaukata. Kisha ikabaki kazi ya kuufunika kwa kile kitambaa cha nyuzi za kioo na rezini, gundi yake. Hapo nikaona, lo, hii ni nguo. Pembe inataka kukatwa mshazari ili ikae bila kukunjamana, kona inataka viraka viwili vinavyopishana. Niliikata kwa mkasi wangu wa kushonea, kitu pekee ambacho shangazi yako hakukiona, kwa kuwa kilikuwa mfukoni mwangu. Ukaharibika. Sasa haukati hata uzi. Hilo nalo liandike upande wako.

Siku ya kujaribu injini tuliifunga kwenye pipa la maji. Nilivuta kamba. Nikavuta. Nikavuta mpaka bega likalia. Fundi Ramazani akaanza kuangalia kabureta kwa macho ya mapenzi. Nikavuta tena, na ikanguruma, Baba Ngalula, ikanguruma Katuba nzima, moshi wa buluu ukajaa uani, watu wakapanda juu ya ukuta, na yale maji ya kupoza injini yakatoka pembeni kwa mshipa mwembamba, yamenyooka, kama ulivyopenda.

Nikageuka kukuambia.

Basi. Nikazima. Nikamwambia Fundi moshi umeniingia machoni.

Sikia sasa tatizo. Boti iko tayari, mnunuzi amekubali kunisubiri Kapolowe kwenye ziwa, trela ina magurudumu. Ni gari gani linaweza kuvuta trela ile? Lenye ndoano yake. Na ndoano uliichomelea mwenyewe, kwa kipimo chako mwenyewe ambacho hakiingii kwenye gari lingine lolote la Lubumbashi, nyuma ya jeep. Nilizunguka na kipimo kile kwa mafundi, wananicheka. Kwa hiyo ikabidi nifanye jambo nililoapa kutolifanya. Nikampigia Tshibangu.

Akaja na jeep yako. Kichwani amevaa kasketi yako ya kazi, ile ya buluu. Akafunua turubai, akakuta hakuna chura. Akapitisha kiganja kwenye ubao wa nyuma, akapiga mluzi.

"Kumbe iko muzuri hivi? Basi, Mama Ngalula, hii nayo ni ya famille."

Najua ungesema nini. Ungesema, tusigombane, ni mdogo wangu. Mimi sikusema hivyo. Nilimwambia: "Siku ile uliita hii wazimu ya Yaya. Mimi nimechimba wazimu huu kwa mikono yangu. Lakini sawa. Kama ni ya famille, ubebe. Mbele tuende ku maji, ujue unabeba kitu gani."

Njiani ilibidi nitazame nyuma tu, na nakiri taa zako za trela ziliwaka vizuri kila alipokanyaga breki.

Kapolowe, mnunuzi alikuwa amesimama ufukweni na pikipiki yake. Nilikuwa na wasiwasi wa kitu kimoja: kile kizibo cha chini, cha tundu la kumwagia maji. Nyumbani nilikitafuta kila pahali nisikione, Fundi Ramazani akachonga kingine cha mti, akakizungushia mpira wa baiskeli. Nilitaka twende polepole karibu na majani. Tshibangu akakaa kwenye usukani.

"Mwanamke hashikaki gouvernail," akasema, na akaachia mwendo wote.

Sitakudanganya, ilikuwa nzuri kwa muda mfupi. Pua ikainuka, maji yakapasuka, ubao wangu wa nyuma ukashika bila hata kulia. Mnunuzi akatupungia mkono. Kisha nikasikia baridi miguuni. Kizibo cha mti kilikuwa kimeruka. Nikapiga kelele, Tshibangu akaona maji, akaogopa, akarudisha mwendo kwa ghafla, injini ikazima. Tukabaki katikati ya ziwa, maji yanapanda, na kati yetu wawili hakuna hata mmoja anayejua kuogelea.

Nikapiga magoti nikaziba tundu kwa kiganja. Chini ya vidole nikasikia kwamba tundu lina mizunguko ya parafujo, la shaba. Nikainua macho, na mbele yangu, kiunoni mwa Tshibangu, kwenye rundo la funguo za jeep, kilikuwa kinaning'inia kile kipande cha shaba chenye mizunguko, ambacho miaka yote nilidhani ni pambo lako.

Baba Ngalula. Nani anafunga kizibo cha boti kwenye funguo za gari? Najibu mwenyewe: mtu anayeogopa kukisahau. Na je, mtu huyo hakuweza kumwambia mkewe?

"Lete funguo!" nikamwambia.

"Funguo ya nini? Tunakufa, weye unataka gari?"

"Lete!"

Nikazitoa kiunoni kwake karibu pamoja na suruali yake yote. Nikaingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko, nikazungusha kizibo na funguo zake zote zikiwa bado zimefungwa, kikashika. Nikamwambia atoe maji. Hakuna ndoo, si unakumbuka nani aliibeba. Akavua kasketi yako, akaanza kuchota nayo, na hapo akamwita mama yenu kwa lugha yenu, "Mamu wanyi! Mamu wanyi!"

Kwa sauti yako. Sijui kama uliwahi kumsikia mdogo wako akiogopa. Ni sauti yako ileile, ile ya ulipokuwa unajigonga kidole kwa nyundo. Mkono wangu ukasimama kwenye kamba ya injini. Yeye naye aliisikia. Akaishika ile kasketi iliyojaa maji, akaitazama, akaanza kulia kama mtoto, "Yaya, Yaya," mabega yanaruka. Na mimi nikakasirika tena, kwa sababu mimi nilikuwa sijalia. Tangu siku ya simu sijapata nafasi: kwanza wageni, kisha lori, kisha ubao. Kila mtu amelia juu ya bega langu. Sasa hata katikati ya ziwa mtu mwingine ananitangulia!

Nikalia kwa hasira hiyohiyo. Nililia vibaya, Baba Ngalula, si kwa adabu. Yeye anachota na kulia, mimi nakamua ule mpira wa kusukumia mafuta na kulia. Nilisubiri esansi iliyozidi ikauke, kama ulivyokuwa ukisubiri, nikavuta kamba. Ikawaka. Tshibangu akanyanyuka mwenyewe kwenye usukani, akanipisha.

Tulipofika ufukweni mnunuzi hayupo. Wavuvi walituambia aliwasha pikipiki yake tuliposimama katikati ya maji, akasema yeye ana watoto.

Tukakaa juu ya mchanga kukausha nguo. Mama mmoja akatuuzia samaki wa kuchoma. Tshibangu akala kichwa kwanza, kisha akasema bila kunitazama:

"Mashine yako iko ku saloni yangu. Bibi yangu aliweka maua juu yake. Hakuna mutu anaitumia."

Nikamwambia: "Toa maua."

Wiki iliyofuata aliileta. Akaibeba mwenyewe kutoka kwenye jeep, akaiweka palepale ilipokuwa, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. Nilingoja aombe msamaha. Akasema tu, "Mukanda yake imechoka." Nilimwambia haukuchoka kabla haujatembea. Akacheka kidogo. Sikucheka.

Usidhani mambo yamekuwa mazuri. Friji iko kwa shangazi yako mkubwa na anaisifu kwa watu. Jeep iko kwa Tshibangu. Boti iko hapa nyuma, lakini haiwezi kwenda majini bila jeep yake, na hakuna aliyeamua ni ya nani. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze neno. Sasa Tshibangu ananipigia simu nikiwa katikati ya kukata kitambaa. "Mama Ngalula, niko nafikiria juu ya carburateur." Ni Fundi Ramazani huyo amemwambukiza. Wanakaa wawili uani kwangu, wanakunywa chai yangu, wanaifungua kabureta ambayo haina ugonjwa, wananiita nije kushika tochi. Niliwajibu wafunge tochi kwenye vichwa vyao.

Jambo moja zito nikuambie kabla sijafunga. Shangazi ameanza kusema juu ya nyumba. Amesema nyumba ni ya famille, mimi nirudi kwetu. Aliitisha kikao. Tshibangu akaenda, na nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba alisimama akasema nyumba ya Yaya ina mwenyewe, na anayetaka kumtoa amtoe yeye kwanza. Wakamwita mlevi. Ngalula anakuja mwezi ujao, tutaenda naye kwa mwanasheria, na Tshibangu amesema atakuja kushuhudia. Nimemwambia avae shati safi. Sijui kama tutashinda. Lakini safari hii sitakaa kwenye mkeka kuangalia watu wakibeba.

Jumamosi iliyopita tulikwenda tena Kapolowe. Niliendesha mimi. Tshibangu alikaa mbele, ameshika ukingo kwa mikono yote miwili. Tulipopita yale majani marefu nikazima injini ili nisikie kukoje huko ulikokuwa unakwenda bila mimi. Kulikuwa kimya. Ndege mweupe, maji yanagonga chini ya boti, basi. Nikaelewa kwa nini hukuwa na haraka ya kurudi, na nikachukia kwamba sikuwahi kukuomba unipeleke, na kwamba wewe hukuwahi kuniambia twende. Tulikuwa na Jumamosi zote zile.

Pumzika, Baba Ngalula. Nakuahidi kaburi lako halitaota majani, na mtoto wako atakuwa na mlango wa kurudia hapa Katuba. Mengine siyaahidi. Kukusamehe, tutaona.

Pale ziwani, nilipotaka kurudi, nilivuta kamba mara moja tu. Ikawaka. Tshibangu akaachia ukingo mkono mmoja. Nikajiambia mwenyewe, kwa sauti, ili maji yasikie: "Umefanya vizuri, Mama."

Mimi mke wako.